Flipa Iliyochoka na Uwanja Mweusi: Uchambuzi wa Mashine Moja ya Addams Family

Mashine yenyewe ni Addams Family, pinboli (mchezo wa gololi ya chuma inayopigwa kwa vikono viitwavyo flipa ili isidondoke) ya mwaka 1992 iliyotengenezwa Chicago kwa jina la Bally, kazi ya mbunifu Pat Lawlor. Zilitoka 20,270, na kwa wingi huo zimejaa majumbani Marekani hadi leo, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Hii ya kisa chetu ilikuwa imewekwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, mahali penye unyevu, na ilikuwa ikichezwa mwishoni mwa wiki bila kufunguliwa.

Malalamiko yalikuwa matatu. Flipa ya kulia ilishindwa kuipandisha gololi kwenye rampu ya katikati. Inafika nusu, inarudi. Gololi zenyewe zilikuwa zinakwenda kwa uzito na kuacha michirizi myeusi uwanjani, yaani kwenye ubao ambao gololi hukimbia juu yake. La tatu, mara mojamoja mashine ilitoa gololi mbili kwa pamoja, au ilisimama ghafla na kuanza kupiga koili zake (nyaya zilizosokotwa ambazo zikipitishwa umeme huvuta chuma) moja baada ya nyingine, tak-tak-tak, ikitafuta gololi iliyodhani imepotea.

Mwenye mashine hakuwa amekaa kimya. Uwanja aliupulizia dawa ya kung'arisha samani. Flipa zote nne alizitia mafuta ya kupulizia, yale ya kulegeza nati zenye kutu. Halafu akainua miguu ya mbele kwa kuizungusha nje, akitaka mchezo upoe kidogo kwa ajili ya watoto. Kila hatua ina mantiki ukiiangalia peke yake, lakini zote tatu ziliongeza tatizo. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo: ubovu uliosababishwa na uchakavu ulikuwa mdogo kuliko ule uliosababishwa na matunzo.

Tatizo kubwa kuliko yote halikuwamo kwenye malalamiko. Kichwa cha mashine, yaani sanduku la nyuma lenye picha na taa, kilifunguliwa kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa sababu mashine za chapa za Williams na Bally za enzi hii zina betri tatu za AA kwenye bodi ya kompyuta. Kazi yake ni kutunza alama za juu, mipangilio na saa. Betri za alkali zikisahauliwa huvuja, na maji yake hushuka moja kwa moja kwenye chipu na soketi zilizo chini. Hapa uvujaji ulikuwa umeanza: unga mweupe wenye rangi ya kijani kwenye springi mbili za kishikizo, na njia moja ya shaba iliyoanza kuwa nyeusi. Miezi mingine michache, na bodi ingekuwa ya kutafutiwa fundi wa kuchomelea, au ya kununuliwa upya kwa bei inayouma.

Mashine ilichomolewa ukutani, bodi ikatolewa nje. Usisafishe alkali bodi ikiwa imening'inia mahali pake, kwa kuwa siki itatiririka kwenye konekta za chini. Sehemu iliyoathirika ilisuguliwa kwa mswaki laini na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, maana alkali huzimwa kwa asidi hafifu. Kisha ikasuuzwa kwa maji safi kidogo, ikamaliziwa kwa spiriti ya isopropili, na kuachwa ikauke usiku kucha. Kishikizo kilichooza kiling'olewa, na kipya kikafungwa mbali, kwenye ukuta wa mbao wa kichwa cha mashine, kikiunganishwa na bodi kwa nyaya mbili. Betri zikivuja tena zitachafua mbao tu. Wapo wanaobadilisha chipu ya kumbukumbu na kuweka aina isiyohitaji betri kabisa. Ni suluhisho safi, ila saa ya mashine hupotea kila ikizimwa, na lazima soketi ya chipu iwe nzima. Vyovyote utakavyofanya, nakili mipangilio yote kwenye karatasi kwanza, maana mashine ikiwaka baada ya hapo itakuwa imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Sasa flipa. Mashine ilikuwa inaonyesha kinukta pembeni ya idadi ya krediti (michezo iliyokwisha kulipiwa) kwenye skrini. Wachezaji wengi hawakioni, lakini ndiyo njia yake ya kusema kuna kasoro iliyojigundua. Ukibonyeza kitufe cha vipimo ndani ya mlango wa sarafu, ripoti inajitokeza. Ripoti hii ilitaja swichi ya mwisho wa mwendo ya flipa ya kulia, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia.

Kwenye pinboli za kabla yake, swichi hiyo ilibeba umeme mzito wa koili. Ikiota masizi flipa ilidhoofika, na dawa yake ilikuwa kupitisha tupa. Addams Family ndiyo iliyoanzisha bodi ya Fliptronics: kompyuta ndiyo inayowasha koili, na swichi imebaki kuipa taarifa tu, kwa volti ndogo. Koili ina nyaya za aina mbili. Waya mnene hutoa pigo la nguvu kwa muda mfupi, kisha waya mwembamba hushikilia flipa juu bila kuchoma kitu. Swichi ikikosa kufunga, kompyuta hukata pigo kwa kuhesabu muda. Flipa inaendelea kupiga kama kawaida. Kinachopotea ni ule uwezo wa kuishtua tena pale gololi nzito inapoisukuma chini ikiwa imeshikiliwa. Kwa hiyo swichi hii ilikuwa na kasoro kweli, lakini haikuwa chanzo cha udhaifu. Na tupa hapa ni sumu, kwa sababu ncha zake zimepakwa dhahabu nyembamba. Ilitosha kupitisha kipande cha kadi ngumu katikati ya ncha, kisha kukunja jani lake taratibu mpaka lifunge pale tu flipa inapofika mwisho wa mwendo.

Chanzo chenyewe kilionekana kwa mkono. Umeme ukiwa umezimwa, sukuma flipa juu kisha uiachie. Nzima hurudi mara moja na kutua kwa mlio mkavu. Ya kulia ilirudi kivivu, kama imezama kwenye uji, na ncha yake ilichezacheza milimita kadhaa huku plunja, kile chuma kinachovutwa na koili, ikiwa imetulia. Dalili hizo ni mbili tofauti. Uvivu ulitokana na mafuta. Plunja hupita ndani ya mrija wa nailoni uliotengenezwa kufanya kazi mkavu. Ukitia mafuta, yanachanganyika na vumbi la chuma linalotoka kwenye plunja yenyewe na kuwa lami nyeusi. Siku ya kwanza flipa inaonekana imepona, wiki chache baadaye inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kuchezacheza kulitokana na kiungo cha plastiki kinachoshika plunja na mkono wa flipa: tundu lake lilikuwa limelika na kuwa yai.

Koili zenyewe zilipimwa kwa mita baada ya kuchomolewa. Upande wa nguvu ulisoma omu kama 4, upande wa kushikilia zaidi ya 100, hivyo zilikuwa nzima. Hili lisemwe wazi kwa kuwa watu wengi hukimbilia kununua koili. Koili haichoki kama betri ya tochi. Ama imeungua, na utaona plastiki iliyoyeyuka au karatasi iliyobadilika rangi, au ni nzima.

Zilibadilishwa sehemu zinazolika, kwenye flipa mbili za chini, kwa sababu ukitengeneza moja tu mchezaji ataisikia tofauti: plunja na kiungo chake (A-15847), mrija wa nailoni (03-7066-5), na kizuizi cha mwisho (A-12390). Kizuizi ni kile kipande cha chuma ambacho plunja hukigonga kila pigo. Kilichotoka kulia kilikuwa na shimo katikati, na kichwa cha plunja kilikuwa kimetanuka kama uyoga, kikikwaruza mrija kila kinapotoka. Ukiona uyoga huo usiupige msasa ili uurudishe. Plunja imeshapungua urefu. Hakikisha pia skrubu za kizuizi zimekazwa hasa, maana zikilegea ndizo zinazokatika na kuacha mabaki ndani ya bamba. Skrubu hizi ni za vipimo vya inchi, na bisibisi ya kubahatisha huzila vichwa.

Kufunga flipa upya kuna vipimo viwili ambavyo havikadiriwi kwa jicho. Kwanza nafasi ya juu na chini: flipa ikikaza sana kwenye bushi yake (mrija unaoshika mhimili wake) inasuguana, ikilegea sana inakwangua uwanja. Kinachotakiwa ni karibu milimita 0.8, na kadi ya benki ina unene wa takribani hapo. Iweke kati ya mkono wa chuma na bushi kwa chini, bana, kaza boliti kwa ufunguo wa L, kisha vuta kadi itoke. Pili pembe ya mapumziko. Uwanja una tobo dogo sana karibu na ncha ya kila flipa. Chomeka kijiti cha meno humo, laza flipa ikiwa na raba yake iguse kijiti, halafu kaza. Flipa iliyowekwa juu mno inapoteza mwendo wa kupiga, na hapo hata vipuri vipya havitaifikisha gololi kwenye rampu.

Gololi mbili kutoka pamoja, na ule msako wa tak-tak, vilitafutiwa sababu kwenye swichi za mfereji wa chini, zile zinazohesabu gololi tatu za mashine. Kwenye kipimo cha swichi zote ziliitika vizuri kwa kidole. Jibu lilipatikana gololi zilipotolewa na kuwekwa mezani: mbili zilishikana. Ukiinua moja, ya pili inaning'inia. Addams Family ina sumaku tatu chini ya uwanja, zile zinazoipotosha gololi ghafla wakati wa mchezo, na gololi inayopita juu yake kila siku hugeuka sumaku kidogo kidogo. Zikifika mfereji zinavutana, zinakaa mahali ambapo swichi haziwezi kuzisoma, na kompyuta inadhani moja imepotelea njiani. Gololi yenye sumaku pia huokota vumbi la chuma na kulisambaza uwanjani kama msasa.

Gololi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80. Ni miongoni mwa sehemu za bei rahisi za mashine, lakini ikizeeka huharibu sana. Ikiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, itupe. Kwa mashine yenye sumaku nunua za chuma cha kaboni cha kawaida, usivutwe na zile zenye mng'ao wa kioo. Jaribu kwa klipu ya karatasi kila unapofungua kioo: ikiinuka, gololi imeisha.

Usafi wa uwanja uliachwa baada ya haya yote kwa makusudi. Watu huanza na kitambaa, wakaacha koili zinazomwaga vumbi na gololi zenye mikwaruzo, kisha wanashangaa uchafu umerudi upesi. Ndani ya pinboli uchafu mwingi hautoki chumbani. Ni unga wa chuma kutoka kwenye plunja, na unga wa raba.

Toa gololi zote kabla ya kuinua uwanja. Uwanja ukisimama, gololi iliyosahaulika huanguka kwenye sanduku, na njiani huvunja chochote. Kioo cha juu ni kioo kigumu cha inchi 21 kwa 43. Kikitelezeshwa nje kisimamishwe kwenye zulia au blanketi. Kingo zake zikigonga marumaru au saruji, hata kidogo, kinaweza kupasuka vipande elfu mikononi mwako.

Piga picha kila kona kabla ya kung'oa plastiki. Kifyonza vumbi chenye brashi laini kinatangulia. Dawa ya samani ilikuwa na silikoni, na silikoni haiondoki kwa maji wala kwa dawa ya vioo. Inaondolewa na nafta, ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti. Kiasi cha kijiko kimoja kwenye kitambaa, siyo kumwagwa uwanjani, madirisha wazi, mashine imechomolewa, hakuna kiberiti. Vitambaa vilitoka vyeusi mara ya kwanza, vya kahawia mara ya pili. Maji yalikwepwa kabisa, kwani huingia pembeni mwa vidirisha vya taa (vipande vya plastiki vilivyopachikwa kwenye mbao juu ya taa), mbao ikavimba na kidirisha kikainuka.

Michirizi iliyobaki ilitolewa kwa Novus namba 2, dawa ya kung'arisha plastiki, tone la ukubwa wa sarafu kwa eneo la kiganja, kwa mzunguko mdogo hadi ikauke. Sponji nyeupe ya melamini na isopropili, ambayo watu huisifia sana, haikutumika hapa. Inafanya kazi kwa sababu ni msasa mwembamba, na kila ukiipitisha unapunguza vanishi. Kwenye uwanja ambao rangi imeshaanza kuonekana wazi, pita mbili zinatosha kuondoa picha. Mwisho ni nta ya kanauba tupu isiyo na dawa ya kusafishia, tabaka mbili nyembamba, kila moja ikiachwa ifanye ukungu kabla ya kufutwa. Nta ndiyo inayolika badala ya vanishi. Kwa mashine ya nyumbani, rudia kila baada ya michezo 200 hadi 300 au pale michirizi inapoanza kuonekana, lolote litakalotangulia.

Raba zilibadilishwa zote, zikawekwa nyeupe badala ya nyeusi. Nyeusi hudumu, lakini vumbi lake ndilo lililokuwa linachora uwanja. Kwenye manati ya kushoto (manati ni zile pembetatu mbili juu ya flipa), raba ilikuwa imepasuka kwa nyuma mahali pasipoonekana, na gololi ilikuwa ikigonga nguzo tupu. Swichi zake za majani zilirekebishwa zibaki na mwanya wa milimita moja na nusu hivi. Mwanya ukiwa mdogo kuliko huo, manati hupiga yenyewe kwa mtikisiko tu.

Taa za jumla zilikuwa balbu za namba 44, zinazokula miliampea 250 kila moja. Joto hilo hukausha raba, hupinda plastiki, na mkondo huo mkubwa kwenye bodi ya umeme huchoma konekta J115, J120 na J121. Ya J120 ilikuwa na pini mbili za kahawia. Zilibadilishwa pini za bodi na kichwa cha nyaya pia. Ukibadilisha upande mmoja tu, ule wa zamani utauchoma mpya. Balbu zikawekwa za namba 47, miliampea 150, mwanga wa manjano uleule. LED zingepunguza mzigo zaidi, na hilo ni suala la macho ya mwenye nyumba.

Mteremko ulipimwa mwishoni. Pimamaji ya dijitali ikilazwa juu ya uwanja ilisoma nyuzi 5.1, wakati inayotakiwa ni karibu 6.5. Miguu ya mbele ikarudishwa ndani, ya nyuma ikainuliwa kidogo, na usawa wa kushoto na kulia ukapimwa juu ya flipa na pia kwenye raba za juu, kwa kuwa sanduku lililokaa chumba chenye unyevu linaweza kuwa limejipinda. Gololi ikapata mwendo wake. Wanaotaka mchezo mwepesi kwa watoto wana njia nyingine: ugumu na idadi ya gololi hupangwa kwenye menyu.

Kwa anayeiagiza mashine kama hii kutoka Marekani kuja Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, usiichomeke kabla ya kufungua sanduku. Imepangwa kwa volti 120. Transfoma yake hukubali 240 kwa kubadilisha plagi ya kuchagulia volti, na fyuzi kuu pamoja na kinga ya volti ya ziada nazo hubadilishwa. Mchoro umo kwenye kitabu cha mashine. Pwani ongeza mashine ya kukausha hewa chumbani, maana chumvi hula plunja na miguu kwa kasi.

Kilichobaki ni mdomo wa shimo la uwanjani linaloitwa kiti cha umeme, ambako mbao ilikuwa imemomonyoka kwa gololi za miaka thelathini. Kuijaza na kuipaka rangi ni kazi ya kuvua nusu ya uwanja, na haikufanyika. Kiliwekwa kinga cha bati la chuma cha pua, kinachobanwa na skrubu zilezile za shimo. Kinga hicho lazima kikae chini kidogo ya usawa wa mbao au sawa nao. Kikiinuka hata kidogo gololi inaruka badala ya kuingia. Baada ya kukikaza, gololi ilirushwa kwa mkono kutoka flipa zote mbili, na ilipokwama mara kadhaa upande wa kushoto, ukingo ulikunjwa kwa koleo hadi ikaingia bila kugonga.